Nilimsindikiza Binti Yangu, Nikachukuliwa Mimi

Kazi yangu ni kutibu mifugo. Nimeifanya hapa Isiolo tangu sijapata mtoto wa kwanza, na watu wa vijijini huniita daktari ijapokuwa mimi si daktari. Nina diploma ya afya ya wanyama. Nachanja mbuzi, natazama ngamia wanaochechemea, nachukua damu na kuipeleka maabara. Siku za soko la Oldonyiro huwa niko huko mapema, nimevaa koti la kijani la idara na viatu vya mpira, na nikirudi jioni vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi. Naipenda kazi hiyo. Sikuwa na mipango mingine ya maisha yangu. Mipango yote ilikuwa ya binti yangu mkubwa.

Binti huyo alitaka kuwa muuguzi, na si muuguzi hivi hivi. Alitaka shahada. Alikuwa ametamka neno hilo, shahada, tangu kidato cha pili, na mimi na babake tulilizoea kama jina la mgeni anayetarajiwa nyumbani. Mama yangu mzazi, ambaye alikuja kwetu kutoka Korbesa ili atibiwe macho na hakurudi tena, alikuwa hata ameanza kumwita daktari, na hivyo tukawa madaktari wawili ndani ya nyumba, wote wawili wa kusingiziwa.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka asubuhi moja ya Januari nilipokuwa nikipanga chupa za chanjo kwenye boksi la barafu. Binti yangu alichukua simu akaenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Alikaa huko sana. Nilipomfuata nilimkuta amesimama, anawatazama mbuzi.

"Nimepata C," alisema.

"C ni nzuri."

"Mama, si C plas. Ni C tu. C kavu."

Nilielewa. Kwetu Kenya, mtoto anayetoka moja kwa moja shule ya upili anatakiwa awe na C yenye alama ya kujumlisha, ile tunayoiita C plas, ndipo chuo kikuu kimpokee kusomea shahada. Aliyepata C isiyo na kitu pembeni yake, kama chai isiyo na maziwa, haingii. Kiswahili alikuwa amefanya vizuri, Baiolojia pia, na Kemia alipata B. Hisabati ndiyo iliyomvuta chini.

Babake ananunua na kuuza mifugo, na siku hiyo alikuwa Kipsing. Nilimpigia simu nikamweleza.

"Yuko mzima?" aliuliza.

"Yuko mzima. Analia kidogo."

"Basi mwache alie. Tutaongea nikirudi."

Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa baridi. Binti yangu alipika, alifua, aliwasaidia wadogo zake wawili na kazi za shule, lakini alifanya yote bila kusema neno lisilo la lazima. Marafiki zake wawili waliopata C plas walikuja kumjulia hali, akawaandalia chai, akawasindikiza mpaka barabarani, kisha akalala mchana kutwa. Babake aliporudi alisema kuna shule inayochukua wanaorudia mtihani, na binti akaitikia kwa kichwa. Sikujua kama alikuwa amekubali au alikuwa amechoka tu kuulizwa.

Februari tulisikia redioni kwamba maafisa wa chuo kikuu kimoja cha upande wa mlimani wangekuja katika ukumbi wa mji kueleza watu jinsi ya kujiunga. Nikamwambia twende.

"Nikasikie nini ambacho sijui?" aliuliza.

"Mimi ndiye sijui. Nisindikize."

Alikubali kwa heshima tu. Siku ile nilikuwa kazini asubuhi, nikapitia nyumbani kumchukua bila kubadilisha nguo, kwa hiyo niliingia ukumbini na koti langu la kijani, nikinuka dawa ya kupe.

Nilidhani nitakuta watoto wa shule na wazazi wao tu. Sivyo ilivyokuwa. Viti vya plastiki vilijaa watu wa kila umri: walimu wa chekechea, askari wa hifadhi ya wanyama, wasichana waliobeba watoto wachanga, wanaume waliofunga makaratasi yao ndani ya mifuko ya nailoni. Tulikaa karibu na meza ambapo mama mmoja wa makamo, afisa wa usajili, aliwahudumia watu mmoja mmoja. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa na sauti ya upole ya mtu aliyezoea kuwaambia wenzake habari wasizozipenda.

Mbele yetu alikuwa kijana aliyesomea Uganda. Alifungua cheti chake kwa fahari na kusema kule alifaulu masomo mawili makuu, yale yanayohesabiwa.

"Inatosha," afisa alimwambia, "lakini si kwangu kwanza. Cheti cha nje lazima kilinganishwe na cha hapa. Uende Nairobi, upewe barua ya ulinganisho, halafu uje nayo."

"Na nisipoenda?"

"Mimi nitakuamini, lakini kompyuta haitakuamini."

Aliyefuata alikuwa mchungaji wa kanisa, Mturkana mrefu mwenye mvi kidogo, mtu niliyekuwa nikimwona mjini lakini hatujawahi kuzungumza. Alisema hakuwahi kupata alama nzuri za kidato cha nne, ila alikuwa na cheti cha chuo cha Biblia na alikuwa ameendesha miradi ya maji ya kanisa kwa miaka mingi. Alitaka kusomea maendeleo ya jamii. Alikuwa amesikia kwamba mtu mzima huingia kwa umri.

"Umri peke yake hautoshi, mchungaji," afisa alisema. "Ingekuwa umri tu, babangu angekuwa profesa. Tunaangalia umri, tunaangalia cheti ulichopata baada ya shule, tunaangalia kazi uliyofanya, halafu unafanya mtihani wetu mdogo wa kuingia."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kuona kama bado unaweza kusoma na kuandika kwa kufikiri."

Mchungaji alicheka akasema hiyo ndiyo kazi yake ya kila Jumapili. Aliandika tarehe ya mtihani kwenye kiganja chake.

Zamu yetu ikafika. Afisa aliivaa miwani yake, akasoma matokeo ya binti yangu taratibu, kila somo, jambo ambalo nilimshukuru kwalo, kwa sababu wengine hutazama alama ya mwisho tu.

"Kwa shahada ya uuguzi siwezi kukuchukua," alisema. "Wala shahada nyingine. Kwa anayetoka shuleni moja kwa moja ni C plas. Lakini unaweza kuanza na diploma mahali, ukifaulu vizuri urudi hapa, na tutakuhesabia uliyosoma."

"Asante," binti yangu alisema. Alianza kuinuka.

Afisa akanigeukia. "Na wewe mama, unaomba nini?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

"Hilo koti ni la idara ya mifugo?"

"Ndiyo."

"Una cheti au diploma?"

"Nilianza na cheti. Baadaye nikapata diploma."

"Ulifaulu kwa kiwango gani?"

"Kredit."

"Na kidato cha nne?"

Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu. Ningeweza kusema kwamba sikumbuki, lakini hakuna Mkenya asiyekumbuka.

"C," nikasema.

"C gani?"

"C kavu."

Nilihisi binti yangu akinitazama. Afisa aliandika kitu kwenye karatasi, akahesabu vidoleni, akasema, "Tuna shahada ya afya na uzalishaji wa mifugo. Mwenye diploma ya fani hiyo, kredit au zaidi, tunamchukua, na haanzi mwaka wa kwanza. Unaanza wa pili. Masomo yanaanza Mei. Unataka?"

Kabla sijajibu, binti yangu alizungumza. Hakupaza sauti.

"Samahani, madam. Kwa nini mama aingie na mimi nisiingie? Alama yetu ni moja."

Afisa alivua miwani. "Alama ni moja, binti yangu, lakini yake hatuiangalii tena. Tunaangalia alichofanya baada yake. Wewe bado hujafanya cha baadaye. Utafanya."

Tulitembea kurudi nyumbani kupitia sokoni, mahali akina mama wanapouza maziwa ya ngamia kwenye madumu ya manjano. Nilinunua kidogo ili tu nipate sababu ya kusimama.

"Hukuwahi kuniambia ulipata C," alisema.

"Hukuwahi kuniuliza."

"Na ulikuwa ukinikaripia kwa B minas."

"Nilitaka upate zaidi yangu."

Alichukua dumu mkononi mwangu akatangulia. Nilimtazama mgongo wake na nikahisi mambo mawili kwa wakati mmoja. Nilikuwa na huzuni kwa ajili yake. Na moyo wangu ulikuwa ukidunda kwa furaha kama wa msichana. Nilijiuliza ni mama wa namna gani anayefurahi siku kama hiyo, na furaha haikusikia, ikaendelea kudunda.

Usiku nilimweleza mume wangu. Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu, ndivyo alivyo.

"Kwa hivyo sasa nitakuwa na wanafunzi wangapi kwa nyumba hii?"

"Sijasema naenda."

"Na mbuzi wa watu watatibiwa na nani?"

"Wenzangu wapo."

"Wenzako," alisema, kwa namna iliyoonyesha hana imani nao sana. Nilijua amenisifu. Kisha akaweka kikombe chini. "Mimi sina shida. Lakini usiniulize mimi. Ongea na msichana."

Nilimkuta jikoni akisugua sufuria. Nikachukua nyingine nikaanza kusugua pamoja naye.

"Kama utaumia sitaomba," nilimwambia.

"Nitaumia hata usipoomba, Mama." Alisuuza sufuria, akaipindua kwenye kichanja. "Afadhali mmoja wetu aende."

Mama yangu alikuwa amelala chumba cha pili, au tulidhani amelala. Sauti yake ilitoka gizani.

"Nani anaenda?"

"Mimi, Mama. Chuo kikuu."

"Wewe si ulimaliza kusoma?"

"Nilidhani nimemaliza."

"Haya, nenda. Lakini macho yangu nani atayatia dawa?"

"Mimi, nyanya," binti yangu alisema. "Kwani huwa anakutia nani?"

Ilikuwa kweli. Tangu mama yangu afanyiwe upasuaji wa jicho la kwanza, mjukuu ndiye aliyemtia dawa asubuhi na jioni, kwa sababu mama mwenyewe alisema mikono yangu imezoea ng'ombe.

Ilibidi kuomba kupitia mtandao. Binti yangu alinipeleka kwenye saiba iliyo karibu na msikiti, akakaa mbele ya kompyuta nami nikakaa ubavuni kama mteja. Alikuwa hodari na hakuwa na subira. Jina la babangu kwenye cheti changu cha kidato cha nne lina herufi moja zaidi ya lile la kitambulisho, jambo la kawaida kwa watu wa huku ambao majina yao yaliandikwa na makarani wasioyajua. Kwa herufi hiyo moja nilitumwa kwa wakili kuapa kwamba mimi ni mimi. Niliapa. Tulirudi saiba na hati ya kiapo, na binti yangu akaipiga picha pamoja na vyeti vyangu, akavipandisha kimoja kimoja, akinigombeza kila nilipogusa kibodi.

Tulipokuwa tukingoja jibu la kuthibitisha, mtandao ukizunguka na kuzunguka, alifungua ukurasa mwingine. Nilichungulia nikausoma. Ulikuwa wa diploma ya uuguzi.

"Hawa wanataka C," alisema, kama anayejisemea. "Na C ya Baiolojia, na C ya lugha. Ninazo. Hisabati hata wanakubali yangu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hakuna. Nasoma tu."

Aliufunga. Kwa miaka mingi nimeshughulika na wanyama walioogopa, na nimejifunza kusimama tu mahali nilipo.

Idara ilinipa ruhusa ya masomo kwa sharti kwamba nirudi kazini kila likizo. Mei ikafika. Siku ya kuripoti nilipanda gari la asubuhi kutoka mjini nikiwa na sanduku, blanketi mbili na sweta ambayo binti yangu alinilazimisha kubeba. Njia inapanda tangu unapotoka Isiolo. Joto linakuacha, miti inaongezeka, na ukifika kule unakuta ukungu na watu waliovaa makoti mazito kana kwamba ni nchi nyingine. Ndani ya gari alikuwamo yule mchungaji. Alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia. Tulisalimiana kama ndugu waliopotezana, kisha akalala njia nzima.

Langoni pa chuo kulikuwa na msururu wa vijana na mizigo yao. Askari wa lango alinitazama akanyoosha mkono.

"Wazazi hema la kushoto, mama. Kuna chai."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Sawa, lakini wazazi wanangoja huko kushoto. Mwanafunzi wako ataingia kulia peke yake."

"Mimi ndiye mwanafunzi."

Alinitazama tena, akamtazama mchungaji aliyekuwa nyuma yangu. "Na huyu?"

"Na huyu pia," mchungaji alisema. "Lakini chai tutakunywa."

Tulikunywa, tena pamoja na mandazi, kisha tukaingia upande wa kulia.

Darasani wengi walikuwa vijana. Waliniita mathe, yaani mama kwa Kisheng chao, na baada ya siku chache nilizoea. Wanyama niliwajua, na mihadhara ya magonjwa ilikuwa kama kusikia habari za majirani. Kilichonishinda ni biokemia. Mhadhiri alikuwa kijana mpole aliyeandika ubaoni haraka, na kila alichoandika kilikuwa na mishale. Mara ya mwisho nilipogusa Kemia ya namna hiyo binti yangu alikuwa hajazaliwa. Niliandika kila kitu, sikuelewa kitu, na jaribio la kwanza lilipokuja nilipata tisa kwa thelathini.

Ijumaa hiyo nilirudi Isiolo nimeikunja karatasi ndani ya mkoba. Wiki zote hizo binti yangu alikuwa ameiendesha nyumba peke yake. Alikuwa mwepesi kazini, mwenye adabu, na mbali. Tulipiga simu kila siku lakini tulizungumza juu ya unga na gesi na dawa ya macho. Shule ya kurudia mtihani ilikuwa bado inamngoja amwambie babake ndiyo au la.

Baada ya chakula aliniuliza, bila kuinua macho, "Mlifanya mtihani?"

"Tulifanya."

"Ukapata ngapi?"

Nikampa karatasi. Aliikunjua. Aliiangalia kwa muda, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akaegemea ukuta akiishika karatasi kifuani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Januari. Nami nikaanza kucheka. Wadogo zake walikuja mbio kuona kuna nini, na mama yangu akauliza kutoka chumbani kama kuna mgeni.

"Mama," alisema alipoweza kuzungumza, "hata hii ya kwanza umekosa? Hii ni ya kidato cha pili."

"Kidato cha pili nilisoma zamani."

"Leta daftari."

Alichukua maharagwe mekundu na meupe kutoka kwenye kopo, akayatandaza juu ya meza. Mekundu yalikuwa oksijeni, meupe haidrojeni. Kaboni ilikuwa vipande vya mkaa. Alinionyesha jinsi vinavyoshikana na kuachana, vinavyotoka upande mmoja lazima viwe ndivyo vilivyopo upande wa pili, hakuna punje inayopotea. Nilipokosea alinipiga kofi dogo mkononi. Alieleza vizuri, kwa subira ambayo hakuwa nayo siku ile ya saiba. Jumamosi tuliendelea, na Jumapili mchana tena mpaka nilipopanda gari. Ikawa hivyo kila mwisho wa wiki. Jaribio la pili nilipata kumi na tisa, na niliposema hivyo kwenye simu nilisikia nyumba nzima ikishangilia. Aliwatangazia.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai, tukiwa katikati ya maharagwe yetu, aliponiambia.

"Nimetuma maombi."

"Ya kurudia?"

"Ya diploma. Uuguzi. Wanaanza Septemba."

Nilichagua maneno yangu polepole. "Nani amekushauri?"

"Hakuna mtu. Baba nimemwambia jana, akasema sawa." Alisogeza haragwe moja jekundu mahali pake. "Nikirudia naweza kupata C plas, na naweza kupata C tena. Hisabati ni ile ile na mimi ni yule yule. Lakini Kemia naijua, Mama. Nimeona ninaijua. Na wewe ulipita njia hii na ukafika."

"Nilichukua muda mrefu sana."

"Kwa sababu ulituzaa sisi. Mimi sitachukua muda huo."

Nilitaka kumkumbatia, lakini sisi si watu wa kukumbatiana sana. Nikamuuliza kama amebakisha chai. Akanimiminia.

Walimchukua. Chuo chake kiko mbali kidogo na hapa, na babake ndiye aliyempeleka, kwa sababu mimi nilikuwa na mtihani wiki hiyo. Aliporudi aliniambia kwamba alikaa kwenye hema la wazazi na kunywa chai, na kwamba msichana wake hakugeuka nyuma hata mara moja. Alisema hivyo kwa malalamiko, lakini alirudia kumsimulia kila mtu aliyekuja nyumbani.

Sasa niko mwaka wangu wa mwisho. Mchungaji na mimi bado tunapanda gari moja. Amekuwa mwenyekiti wa wanafunzi watu wazima chuoni, na hotuba zake ni ndefu kuliko mahubiri yake. Kijana wa Uganda sikumwona tena, ila ninaamini barua yake aliipata. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho la pili na sasa anaona mpaka ng'ambo ya barabara, jambo ambalo majirani wameanza kulijutia kidogo. Mimi sijui kama shahada itanibadilishia kazi. Nadhani nitarudi kwa mbuzi wale wale. Lakini sasa nikichukua damu najua zaidi kinachoendelea ndani yake, na nikisimama mbele ya mnyama mgonjwa nina maswali mengi kuliko zamani. Napenda kuwa na maswali hayo.

Likizo iliyopita nilikuwa upande wa Korbesa na wenzangu wa idara, tunachanja. Asubuhi ile nilikuwa nimesaidia ngamia kuzaa, uzazi mgumu, na mikono ilikuwa bado inaniuma hadi begani. Simu ikalia. Mtandao kule ni wa kubahatisha, ikabidi nipande kwenye kilima kidogo ndipo nimsikie.

"Mama, jana nilizalisha," binti yangu alisema. "Mkunga alisimama kando tu. Mikono ilikuwa yangu."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Msichana. Alilia haraka."

"Mimi nimezalisha leo."

"Nini?"

"Ngamia."

Alicheka. "Ndama alikaa vizuri?"

"Hapana. Mguu mmoja ulikuwa umekunjika nyuma."

"Ukafanyaje?" Nilimsikia akiketi chini. Alikuwa anataka kujua kwa kweli.

Nikamweleza: jinsi nilivyousukuma mwili ndani kwanza kabla ya kuutafuta mguu, jinsi nilivyozikinga kwato kwa kiganja ili zisipasue kitu, jinsi tulivyongoja mama mwenyewe asukume kabla ya kuvuta. Aliuliza nilijuaje wakati wa kuvuta. Nikamuuliza yeye alijuaje. Alisema mkunga amewafundisha wasiangalie saa tu, wamsikilize mama anavyopumua. Nikamwambia ndivyo hivyo hivyo kwa ngamia. Tuliendelea hivyo kwa muda, kila mmoja akimpa mwenzake alicho nacho, upepo ukinipiga pale kilimani na wenzangu wakinipungia mikono kutoka chini.

"Mama, zamu yangu imeanza," alisema mwishowe. "Wacha niende."

"Nenda. Na mimi bado nina mbuzi."

Nikashuka.